Kipimo cha kifurushi nacho kipimwe

MFANYABIASHARA wa vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou halazimiki tena kupanda ndege kila anapotaka kuona rangi mpya. Muuzaji wa huko humtumia picha na video kwa simu, bei ikajadiliwa, malipo yakapita benki, mzigo ukapakiwa. Biashara yote hiyo hupita ndani ya kifurushi cha intaneti. Kifurushi kikikatika katikati ya mazungumzo, mnunuzi mwingine wa muuzaji yule yule, pengine wa Lagos au Kinshasa, huchukua robota lililobaki.

Hapo ndipo programu za simu zinazohesabu matumizi ya data zilipopata soko. Programu ya namna hiyo ni mizani. Lakini mizani ya dukani hukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na mwenye duka akikutwa na mawe mepesi anajua kitakachompata. Programu ya kupima data haina muhuri. Mwenye simu ndiye mkaguzi, na wengi hukagua kwa macho tu: rangi nzuri, mchoro wa duara, basi, imepita.

Kwa mfanyabiashara, kupendeza kwa programu ni jambo la baadaye. La kwanza ni iwapo inamwezesha, kwa sekunde chache na mteja akiwa amesimama mbele yake, kuamua jambo moja: anunue kifurushi kingine sasa, azime kitu fulani, au aendelee na kazi.

Fedha zinazohusika si za kupuuza. Viwango vilivyotajwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mwaka 2021 viliweka bei ya MB moja kati ya Sh. 2.03 na Sh. 9.35. Kwa hesabu hiyo, GB moja yenye MB 1,024 ingeweza kumgharimu mnunuzi kuanzia Sh. 2,079 hadi Sh. 9,574, kutegemea alivyoinunua. Anayeishiwa kifurushi bila kujua, akaendelea kula salio la kawaida, husogea upande wa juu wa hesabu hiyo. Tuseme kila siku anateketeza MB 150 kwa bei ya juu badala ya bei ya chini. Tofauti ni Sh. 1,098 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh. 28,548. Kwa mwenye meza ya biashara ndogo, huo ni mtaji wa mzigo wa siku nzima.

Saa ya programu na saa ya kifurushi

Simu za Android zilianza kuwa na ukurasa wake wenyewe wa matumizi ya data tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011. Ukurasa huo ulikuja na mchoro, onyo na kikomo ambacho mwenye simu anajiwekea. Mzunguko wake ulikuwa wa mwezi. Mpango huo unamfaa sana mteja wa Marekani au Ulaya anayepelekewa ankara mwisho wa mwezi.

Kariakoo mambo ni mengine. Kifurushi hununuliwa kwa saa 24, kwa siku chache, kwa wiki, na kwa mwenye nafasi kwa mwezi. Tena huisha kwa njia mbili, MB zikiisha au saa zikiisha, lolote litakalotangulia. Programu nyingi huhesabu MB na kusahau saa, au huhesabu saa zisizo za kifurushi.

Mfano wake ni huu. Mtu ananunua GB moja ya saa 24 siku ya Jumanne, saa 4:00 asubuhi. Hadi saa 6:00 usiku ametumia MB 700. Programu yake inahesabu kwa siku ya kalenda, kwa hiyo usiku huo inafuta ubao na kuanza upya. Jumatano asubuhi anaifungua na kuona ametumia MB 60 tu. Anafurahi. Anaanza kumpelekea mteja wa Mbeya video za mzigo zenye MB 300. Lakini ukweli ni kwamba zimekwisha MB 760, zimebaki 264, na hata hizo zinafungwa saa 4:00. Programu haikusema uongo hata mara moja. Ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwenye iPhone hitilafu ni ya upande wa pili. Hesabu ya matumizi kwa kawaida huendelea kujumlishwa mpaka mwenye simu aifute mwenyewe kwa mkono, na asiyejua hilo hukuta tarakimu kubwa ya miezi kadhaa isiyomfaa kitu.

Tatizo hili lilichunguzwa mapema Afrika Kusini. Mwaka 2012 Marshini Chetty na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao kwa kaya 12 za huko zilizokuwa na intaneti yenye kikomo. Walikuta mambo matatu yanayowasumbua watu: salio lisiloonekana, kazi za chini kwa chini zisizoeleweka, na watu wengi kutumia huduma moja bila kujua nani amekula nini. Utafiti ulihusu intaneti ya nyumbani, lakini mwenye duka anayewawashia vijana wake intaneti kutoka kwenye simu yake atayatambua yote matatu bila kufafanuliwa.

Jambo la pili kati ya hayo matatu ndilo linalozishinda programu nyingi. Picha hupandishwa zenyewe kwenda kuhifadhiwa, programu hujisasisha, video za makundi ya WhatsApp hujipakua hata kama mwenye simu hana haja nazo. Ukiifungua programu kutafuta mla data, mara nyingi unakutana na jina kama "Google Play Services" au "Mfumo wa Android". Kwa fundi jina hilo lina maana. Kwa muuza vitenge ni sawa na kuambiwa kuwa mwizi ni "mtu fulani". Programu inayofaa humtaja mhusika kwa jina analolijua mwenye simu, na kitufe cha kumzuia kiwe pale pale karibu na jina, si kurasa tatu mbele.

Wasimamizi wa soko nao wameingilia kati. Kanuni zilizoanza kutumika Afrika Kusini mwaka 2019 ziliyataka makampuni yamjulishe mteja anapofikia asilimia 50, 80 na 100 ya kifurushi. Kanuni ndogo za TCRA za mwaka 2021 zilitaka taarifa itolewe katika asilimia 75 na 100. Ni hatua nzuri, ingawaje asilimia peke yake haimtoshi mtu wa biashara. Aliye kwenye maongezi ya video na muuzaji wa Guangzhou anaweza kuvuka kutoka 75 hadi 100 kabla hajausoma ujumbe. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba, kwa mwendo huu, zimebaki dakika 12. Programu zinazoweza kutamka sentensi hiyo ni chache mno, na hapo ndipo penye nafasi ya biashara kwa mbunifu wa hapa nyumbani.

Mizani mbili, uzito tofauti

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba programu inasema hivi na kampuni ya simu inasema vile. Wengi hukimbilia kusema wameibiwa. Yapo maelezo mengine ya kuangalia kwanza.

Simu huhesabu kilichoingia na kutoka ndani yake. Mtandao huhesabu upande wake. Data iliyotumwa kuelekea kwenye simu ikapotea njiani, mahali ambapo mawimbi ni hafifu, inaweza kuhesabiwa upande mmoja na usiione upande wa pili. Kampuni inaweza kukadiria kwa kupandisha hadi kipimo cha juu kilicho karibu. Wapo wanaohesabu GB kuwa MB 1,000 na wapo wanaohesabu 1,024, na kwenye GB 10 hilo peke yake ni tofauti ya MB 240. Halafu kuna vifurushi vyenye fungu la pembeni la mitandao ya kijamii. Programu huitia WhatsApp kwenye kapu moja na kila kitu, wakati kampuni inaikata kutoka fungu lake.

Android yenyewe imekuwa ikimwonya mtumiaji kwamba tarakimu zake zimepimwa na simu na kwamba kampuni inaweza kuhesabu tofauti. Programu iliyo nyoofu hufanya vivyo hivyo, tena huenda hatua moja mbele: humruhusu mwenye simu kuandika salio aliloambiwa na kampuni, kisha ikaendelea kuhesabu kuanzia hapo. Mizani inayotoza fedha ni ya kampuni, kwa hiyo ya kwenye simu ndiyo ya kurekebishwa kila mara. Programu isiyo na nafasi ya marekebisho hayo itakwenda ikipotoka siku hadi siku, mpaka mwenyewe aache kuitazama.

Jambo jingine halizungumzwi sana, nalo linawagusa wafanyabiashara kuliko watu wengine. Ni laini mbili. Mtu ana laini moja kwa malipo na wateja, ya pili kwa sababu vifurushi vyake ni nafuu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu za kawaida haziruhusiwi tena kusoma namba ya utambulisho wa laini. Kizuizi hicho kiliwekwa kulinda siri za mtumiaji, na ni kizuri. Matokeo yake ni kwamba programu ya mtu wa nje hupewa jumla ya matumizi ya laini zote kwa pamoja, na mwenye laini mbili hapati hesabu ya kila moja. Ukurasa wa ndani wa simu haubanwi na sharti hilo. Kwa hiyo anayeuziwa programu kwa ahadi kwamba itatenganisha laini zake aombe aoneshwe kwa macho, kwenye simu yake mwenyewe, kabla ya kutoa senti.

Jinsi ya kuipima

Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina kiwango namba 9241-11 kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018. Kinasema urahisi wa kutumia kitu hupimwa kwa mambo matatu: kazi imefanyika au haikufanyika, imegharimu nini kuifanya, na aliyeifanya ameridhika kiasi gani. Kinaongeza sharti ambalo wauzaji wa programu hupenda kuliruka: vipimo hivyo ni vya watu fulani, kwa kazi fulani, katika mazingira fulani. Programu iliyofanya vizuri ofisini kwenye kiyoyozi haijathibitisha lolote kuhusu kibanda chenye jua la saa nane mchana, simu yenye kioo kilichopasuka na mkono mmoja umeshika chenji.

Kuipima hakuhitaji mtaalamu. Jakob Nielsen, aliyejulikana kwa kazi hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya kasoro. Hesabu hiyo imebishaniwa tangu hapo, lakini watu watano ni bora kuliko kutopima kabisa, na sokoni watu watano hupatikana kabla chai haijapoa.

Mpe kila mmoja simu, mmoja mmoja, wengine wasione. Mwulize amebakiwa na kiasi gani. Mwulize ni programu ipi iliyokula zaidi tangu jana. Mwambie aizuie hiyo moja tu, nyingine ziendelee. Mwambie aweke onyo litakalomshtua zikibaki MB 200. Mwisho mwulize kama kilichobaki kitamfikisha saa 12:00 jioni. Shika saa, andika sekunde, andika alipobonyeza pasipo. Kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza: usimwoneshe, usimsaidie, hata akikwama akakutazama kwa macho ya kuomba.

Kisha yaweke matokeo hayo kando ya mshindani halisi wa programu hizi, ambaye ni menyu ya nyota na reli ya kampuni ya simu. Menyu hiyo haina mchoro wala rangi, lakini inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, haihitaji intaneti, na salio inalotaja ndilo la mizani inayotoza. Programu ikichukua sekunde 40 kumpa mtu jibu ambalo menyu inampa kwa 15, imeshindwa kwenye swali la kwanza. Inabaki na maswali mengine manne ya kujitetea, na ni haki isikilizwe, kwa sababu menyu haijui nani amekula data.

Wanaotafuta mtaji kwa ajili ya programu zao hupenda kuleta tarakimu moja, iitwayo kwa kifupi SUS. Ni kipimo kilichobuniwa na John Brooke mwaka 1986 alipokuwa Digital Equipment Corporation. Mtumiaji husomewa kauli 10, nyingine za kusifu na nyingine za kulaumu, akajibu kwa namba 1 hadi 5. Kwenye kauli za kusifu hutolewa moja kutoka kwenye jibu, kwenye za kulaumu jibu hutolewa kutoka kwenye tano, jumla ikazidishwa kwa 2.5. Matokeo huwa kati ya 0 na 100. Wengi huyasoma kama asilimia, na hapo ndipo wanapopotoka. Wastani unaokubalika, uliotokana na kulinganisha mamia ya tathmini, ni 68. Kwa hiyo programu iliyopata 60 haijafaulu kwa "asilimia sitini" kama mtoto wa shule. Iko chini ya wastani.

Mwekezaji asiishie kwenye tarakimu. Aulize nani aliyeuliza maswali. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano 450 waliyofanya Bangalore, India. Watu walioneshwa vitu viwili visivyo na tofauti, wakaambiwa kimoja kimetengenezwa na anayewahoji. Uwezekano wa kukichagua kile cha mhojaji ulikuwa mara 2.5. Mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje mwenye mkalimani, ukapanda hadi mara tano. Hata kitu cha mhojaji kilipofanywa kibovu waziwazi, bado watu walikipendelea.

Aliyekulia pwani au bara hahitaji kuelezwa sababu. Mgeni akikuuliza kama chakula chake ni kizuri, humwambii chumvi imezidi. Kijana anayekwenda sokoni na fulana yenye jina la programu yake, akamwamkia mama muuza dagaa na kumwuliza "Mama, imekupendeza?", ataambiwa imependeza sana, mwanangu, Mungu akubariki. Akirudi ofisini ana SUS ya 85. Sekunde hazina adabu hiyo, ndiyo maana zinafaa kuaminiwa zaidi.

Kisichoonekana kwenye bei

Programu nyingi za aina hii hutolewa bure. Mfanyabiashara anajua kwamba duka linalogawa bidhaa bure lina mlango mwingine linaloingizia fedha, na kwenye programu mlango huo huonekana kwenye ruhusa zinazoombwa.

Ziko njia kuu mbili za kuhesabu data. Ya kwanza ni kuiomba Android ruhusa ya kusoma takwimu zake: nani ametumia MB ngapi, basi. Ya pili ni VPN, ambapo mawasiliano yote ya simu hupitishwa kwenye mfereji wa mwenye programu. Njia ya pili ina faida yake, inaweza kuzuia programu moja moja papo hapo. Baadhi huufanya mfereji huo ndani ya simu yenyewe, na hakuna kinachotoka. Nyingine huupeleka kwenye kompyuta zao za mbali. Skrini ya kuomba ruhusa haimsaidii mtumiaji kuzitofautisha, na huo ni upungufu wa urahisi wa kutumia mbaya kuliko kitufe kilichofichwa.

Kisa cha Onavo kimekwisha kuandikwa mahakamani. Kampuni hiyo ilianzishwa Israeli mwaka 2010. Ilitoa programu za kuhesabu na kubana matumizi ya data, na watu walizipenda kwa sababu ziliokoa fedha kweli. Oktoba 2013 Facebook ikainunua. Programu yake ya Onavo Protect ilitangazwa kama ya kulinda mtumiaji, huku ikipitisha mawasiliano yake na kuonesha ni programu zipi watu wanazifungua, mara ngapi, kwa muda gani. Nyaraka zilizotolewa na kamati ya Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionesha kwamba takwimu za Onavo zilitumiwa kufuatilia ukuaji wa WhatsApp, ambayo Facebook ilitangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19 za Marekani. Kwa maneno mengine, waliopakua kipimo cha kubana bando walikuwa wanamwonesha mnunuzi duka lipi linauza.

Agosti 2018 Onavo Protect iliondolewa kwenye duka la programu la Apple, na mwaka 2019 Facebook ikaifunga. Julai 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliyaamuru makampuni tanzu mawili ya mmiliki huyo, ambaye sasa anaitwa Meta, yalipe dola milioni 10 za Australia kila moja, kwa kutangaza programu hiyo kwa namna ya kupotosha watumiaji. Hakuna aliyelalamika kwamba Onavo ilikuwa ngumu kutumia. Ilikuwa rahisi mno.

Onavo haikuwa peke yake katika biashara ya takwimu. Programu ya My Data Manager, iliyokuwa maarufu kwa kuhesabu MB, ilikuwa ya kampuni ya Mobidia, na mwaka 2015 Mobidia ilinunuliwa na App Annie, ambayo kazi yake ilikuwa kuwauzia wawekezaji na makampuni taarifa za soko la programu.

Google nayo ilijaribu. Novemba 2017 ilizindua Datally, baada ya kuifanyia majaribio Ufilipino, ambako ilisema watumiaji waliokoa hadi asilimia 30 ya data. Ilitumia njia ya VPN kuzuia matumizi ya chini kwa chini, na mwaka 2018 ikaongezewa kikomo cha siku, jambo ambalo wanunuzi wa vifurushi vya siku walikuwa wakilihitaji kwa muda mrefu. Kati ya programu zote zilizotajwa hapa, ndiyo iliyokaribia zaidi maisha ya mtu wa vocha. Mwaka 2019 iliondolewa sokoni. Kampuni yenye fedha kiasi hicho ikiiacha biashara, mwekezaji mwenye milioni mbili ana haki ya kuuliza mapato yatatoka wapi.

Yapo maslahi mengine yasiyokaa upande mmoja. Vodacom Tanzania ilipoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hisa zake ziliuzwa kwa Sh. 850 kila moja, na wanunuzi wadogo walikuwemo. Mwenye hisa za kampuni ya simu hupata faida mteja anaponunua vifurushi vingi. Mwenye duka hupata faida anaponunua vichache. Huenda ni mtu yule yule, asubuhi dukani na jioni akisoma bei za hisa. Kampuni ya simu ikitoa programu yake yenyewe ya kuangalia salio, tarakimu zake ndizo sahihi kuliko zote kwa kuwa zinatoka kwenye mizani inayotoza. Lakini hapo chini ya salio pana tangazo la kununua kifurushi kingine, na kitufe cha kununua ni kikubwa kuliko cha kuzuia matumizi. Kipime hicho nacho kwa sekunde zile zile.

Inabaki njia ya kumtoza mtumiaji waziwazi. Tuseme programu inauzwa Sh. 1,000 kwa mwezi. Kwa viwango vile vya mwaka 2021, anayelipa bei ya juu angehitaji kuokoa MB 107 ili arudishe fedha yake, na anayelipa bei ya chini MB 493. Kiasi hicho kinafikika, kwani kuzuia video za makundi zisijipakue kunaweza kukitimiza kwa siku chache. Ila video hizo zinaweza kuzuiwa pia kwenye mipangilio ya WhatsApp yenyewe, bila kulipa, na Android ina kiokoa data chake cha ndani tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016. Kwa hiyo anayeombwa mtaji aondoe kwanza akiba ambayo mteja angeipata bure, aone kinachobaki kama kinafika hiyo MB 107 au 493. Na MB ambazo programu yenyewe inakula kwa kujisasisha na kupakua matangazo zikatwe humo humo.